Kundi letu la maombi limefanyiwa mzaha mtandaoni: tufunge, tushtaki au tunyamaze?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni katibu wa kundi la maombi la usharika wetu mkoani Mbeya. Tuko Facebook na WhatsApp, na kila Ijumaa tuna mkesha kwa Zoom. Miezi michache iliyopita aliingia mtu aliyejiita nabii, akatoa ushuhuda kwamba simu yake ilibaki na chaji asilimia mbili, akaiwekea mikono, ikapanda hadi mia bila umeme, na kwamba kila atakayeandika "napokea" atajazwa vivyo hivyo. Wengi waliandika "napokea" na "Amina", wakiwamo wazee wa kanisa. Kesho yake picha za skrini zikazagaa, watu wanatucheka mpaka sokoni. Wiki iliyofuata wakaingia wengine kwenye mkesha, wakapiga muziki wa matusi na kuweka picha za uchi huku mama zetu wakisali. Wazee wanasema haya ni mateso kwa ajili ya imani, twende polisi na tufunge kila kitu. Wengine wananong'ona kwamba yule nabii ni kijana wetu wa kwaya. Tufanye nini?

JIBU: Amina, dada. Poleni kwa yaliyowapata, hasa mama waliokuwa kwenye mkesha. Kurushiwa uchafu ukiwa umefumba macho unasali ni dhuluma, na asitokee mtu wa kuwaambia mlichukulie kama utani tu.

Naanza na jibu lenyewe. Msifunge kundi. Mmepatwa na mambo mawili ambayo wazee wameyafunga furushi moja, na kila moja lina dawa yake. Waliovamia mkesha walikuja kuvunja ibada. Hao wazuiwe mlangoni, ushahidi utunzwe, na vyombo vya sheria vihusishwe. Yule nabii wa chaji alikuja kuona kama yuko atakayemwuliza swali, na hakuna aliyemwuliza. Hapo polisi hawana la kuwasaidia. Kazi ni yenu wenyewe, na ndiyo ngumu zaidi.

Uvamizi wa ibada mtandaoni una historia, na kisa ninachopenda kuwaeleza viongozi wa makanisa ni cha Uingereza. Tarehe 11 Mei 2004 lilizinduliwa Church of Fools, kanisa la kwenye intaneti lililochorwa kama mchezo wa kompyuta: lilikuwa na nguzo, viti, mimbari, na chini yake ukumbi wa mazungumzo. Mgeni alichagua kikaragosi cha kumwakilisha, akakitembeza, akakiketisha, akakipigisha magoti, na alichoandika kikaonekana juu ya kichwa chake. Waanzilishi walikuwa watu wa Ship of Fools, jarida la mtandaoni linaloongozwa na Simon Jenkins, wakisaidiwa na Kanisa la Methodisti la huko. Mahubiri ya kwanza yalitolewa na Askofu wa London wa wakati huo, Richard Chartres. Habari zilipoenea, siku moja kanisa lile lilitembelewa mara 41,000.

Wavurugaji nao hawakuchelewa. Walipanda mimbarini wakamtaja Shetani kwa makelele, wakatukana waliokuwa wakisali, wakazunguka kati ya viti kuwachokoza wageni. Sasa angalia wenye kanisa walivyojibu. Waliondoa amri ya kupaza sauti iliyomwezesha mtu mmoja kusikika jengo zima. Wakaifunga mimbari na madhabahu, wasiohusika wasifike. Wakaweka wasimamizi wa zamu, kila mmoja na kitufe cha kumtoa mvurugaji papo hapo. Ibada ikaendelea, na jumuiya iliyozaliwa pale ikaishi miaka mingi baadaye kwa jina la St Pixels.

Nakisimulia kisa hiki kwa sababu moja zaidi. Ship of Fools lenyewe ni jarida la Wakristo wanaolicheka kanisa lao. Liliingia kwenye intaneti tarehe 1 Aprili 1998, siku ya wajinga, kwa makusudi, na tangu hapo limedhihaki mahubiri mabovu, bidhaa za ajabu zinazouzwa kwa jina la Yesu, na ugomvi wa madhehebu. Kama kuna watu duniani wanaoujua mzaha wa dini, ni hao. Na bado hawakusita hata kidogo kumtoa nje aliyevuruga sala. Kulicheka kanisa na kuvunja ibada ya watu waliopiga magoti kwao yalikuwa mambo mawili, na sijaona mpaka mzuri kuliko huo wa kuwapa nyinyi.

Uvamizi wa Zoom ulienea mwanzoni mwa janga la korona. Tarehe 30 Machi 2020 ofisi ya Boston ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo juu ya watu wanaoingia mikutano ya wengine na kuonyesha picha chafu, na kuanzia tarehe 5 Aprili Zoom wenyewe wakaanza kuweka nywila na chumba cha kusubiri bila mtu kuomba. Hata hivyo, mwezi wa Mei mwaka huo, Saint Paulus Lutheran Church ya San Francisco ilivamiwa ikiwa katika somo la Biblia, waumini wengi wakiwa wazee, wakaonyeshwa picha za kutisha za unyanyasaji wa watoto. Kanisa lile lilikwenda mahakamani dhidi ya Zoom. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 85 kumaliza kesi ya pamoja ya watumiaji, iliyohusu faragha na uvamizi wa aina hiyo.

Kwa mkesha wenu, basi, kiungo kisibandikwe tena Facebook. Kitumwe WhatsApp kwa wanachama wanaojulikana, saa moja kabla. Washeni chumba cha kusubiri, na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake usiku huo ni mlango tu: haongozi sala, haimbi, anaangalia majina na kumruhusu anayemfahamu. Kushiriki skrini kuwe kwa mwenyeji peke yake. Wageni wote wazimiwe vipaza sauti wanapoingia, na wasiweze kuviwasha bila ruhusa. Mtu wa mlango ajue mapema kitufe cha kumtoa mtu kilipo; akianza kukitafuta wakati picha ziko kwenye skrini, madhara yameshafanyika. Facebook nako washeni uidhinishaji wa machapisho na maswali kwa anayeomba kujiunga, na kwenye WhatsApp kuna mpangilio unaomtaka kiongozi wa kundi aidhinishe kila mwanachama mpya. Mkifanya hayo, uvamizi wa aina ile utapungua sana, maana wengi wa wavamizi huingia pale palipo wazi tu.

Sasa nabii wa chaji. Hapa naomba univumilie, kwa sababu nitasema jambo ambalo wazee wanaweza wasilipende.

Mzaha ule ulifanikiwa kwa sababu ulifanana kabisa na shuhuda nyingine mnazozikubali. Mpangilio ulikuwa uleule: hali imekuwa mbaya, mikono imewekwa, muujiza umetokea, na msomaji anaambiwa aandike neno ili naye apate. Mwaka 2005, katika mabishano ya Wakristo mtandaoni juu ya uumbaji, mtu aitwaye Nathan Poe aliandika kwamba bila alama ya wazi ya kucheka, huwezi kumwigiza kwa dhihaka mtetezi wa uumbaji bila watu wengine kudhani unasema kweli. Kauli hiyo imekuwa kanuni inayotajwa kwa jina lake na kutumika kwa kila msimamo mkali. Wengi huitumia kuwabeza waumini. Mimi naisoma kama onyo kwa kundi lolote: mgeni asipoweza kutofautisha mambo yenu ya kweli na ya kuigiza, kuna kitu ndani ya mambo yenu ya kweli kinachohitaji kutazamwa.

Marekani kuna tovuti ya kejeli iitwayo Landover Baptist Church, kanisa la kubuni linalojigamba kwamba limeokoka kuliko makanisa yote. Kwa miaka mingi watu wamewaandikia wenyewe kwa hasira, wakidhani ni kanisa kweli. Mwanzilishi wake, Chris Harper, alikuwa mwanafunzi wa Liberty University, chuo cha Kikristo kilichoanzishwa na Jerry Falwell huko Virginia, akafukuzwa kwa sababu ya kejeli zake. Yaani aliyeigiza lugha ya wahubiri wale alikuwa ameisikia kila siku darasani na ibadani. Wa nje hawezi kuigiza vizuri hivyo. Kwa hiyo sishangai mkimtilia shaka mtu wa kwaya: aliyeandika ule ushuhuda anajua "napokea" huandikwa wakati gani.

Na kunaswa si jambo geni kwa Wakristo. Katika karne ya pili mwandishi mpagani Lukiano wa Samosata alimdhihaki Peregrino, mtu mjanja aliyejiunga na Wakristo, akawa kiongozi wao, na alipofungwa gerezani wakamletea chakula na fedha mpaka akatajirika. Lukiano alicheka jinsi watu wale walivyokuwa wepesi kumwamini yeyote anayesema maneno yao. Lakini Wakristo wenyewe walikwisha kuliona tatizo. Didake, mwongozo wa kanisa la mwanzo uliopatikana tena Konstantinopoli mwaka 1873, unaagiza jinsi ya kumpokea nabii msafiri: apokewe kama Bwana, akae siku moja, na ikibidi ya pili, akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Akisema katika roho "nipeni fedha", asisikilizwe, isipokuwa ameomba kwa ajili ya wengine wenye shida. Watu wale waliamini miujiza kuliko sisi, na bado walimpima anayekuja na maneno matamu kwa vipimo ambavyo hata mtoto angeweza kuvitumia. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Sijui ni lini katika makundi yetu kuuliza kulikuja kuonekana ni upungufu wa imani.

Kabla hujawahukumu wazee walioandika Amina, sikia kisa cha Léo Taxil, kwa maoni yangu ndio mzaha mkubwa kuliko wote waliowahi kufanyiwa Wakristo. Taxil alikuwa mwandishi wa Ufaransa aliyelichukia kanisa. Mwaka 1885 akatangaza ameongoka na kuwa Mkatoliki mwema, kisha akaanza kuandika kufichua siri za Freemason: ibada za Shetani, mapepo, hata mamba aliyepiga piano. Mwaka 1887 alipokewa na Papa Leo XIII. Akambuni mwanamke aitwaye Diana Vaughan, eti kuhani wa Shetani aliyekimbilia kwa Kristo, na waumini wakamwombea mwanamke ambaye hakuwepo. Tarehe 19 Aprili 1897, katika ukumbi wa Chama cha Jiografia mjini Paris, mbele ya watu waliokuja kumwona Diana, Taxil alisimama akasema yote yalikuwa uongo wake wa miaka kumi na miwili.

Miongoni mwa walioguswa na habari za Diana Vaughan alikuwa mtawa kijana wa Lisieux huko Ufaransa, Theresa. Alimwandikia, na picha yake akiwa amevaa kama Jeanne d'Arc, shujaa wa Ufaransa, ikaangazwa ukutani ukumbini siku Taxil alipoungama. Miezi mitano baadaye alifariki kwa kifua kikuu, na mwaka 1925 kanisa lake lilimtangaza mtakatifu. Basi wazee wenu wasijione wajinga. Aliyenaswa ni mtu aliyekuwa tayari kumfurahia mwenzake aliyebarikiwa. Nia hiyo ni njema. Kilichokosekana ni swali moja.

Lakini Taxil anatufundisha jambo jingine, na hili linatuhusu sana sisi wa Afrika Mashariki. Uongo wake haukufa alipoungama. Kuna maneno yanayozungushwa hadi leo yakidaiwa kuwa ya Albert Pike, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa Freemason wa Marekani, ya kwamba Lusifa ndiye Mungu wao. Yalitoka katika mkondo huo wa uzushi wa miaka ya 1890. Video za Kiswahili za kuwatisha watu juu ya Freemason, ambazo kila mwenye simu amewahi kutumiwa, zimejengwa juu ya picha ya Freemason iliyochorwa kwa sehemu kubwa na mtu aliyekuwa akituchezea. Vivyo hivyo mwaka 2000 gazeti la vichekesho la Marekani, The Onion, lilichapisha habari ya kubuni kwamba vitabu vya Harry Potter vinawaingiza watoto katika ibada ya Shetani. Wakristo wakaisambaza kwa barua pepe, pamoja na nukuu zilizobuniwa za mtoto na za mwandishi wa vitabu hivyo, wakiamini ni ripoti. Aliyeanzisha alicheka siku moja. Walioamini walibeba uongo kwa miaka. Ndiyo maana nasema hasara yenu kubwa si kuchekwa. Siku chache mkanyamaza, mji utapata kingine cha kucheka. Hasara ni kwamba nabii yuleyule angeweza kuomba namba za simu, au mchango wa M-Pesa wa "mbegu ya chaji", na kwa jinsi unavyoeleza angeupata.

Kwa hiyo wekeni utaratibu wa shuhuda. Anayeshuhudia awe anajulikana na angalau mwanachama mmoja ana kwa ana. Ushuhuda wa uponyaji usiambatane na namba ya simu wala maombi ya fedha. Chapisho linalomtaka msomaji aandike neno ili abarikiwe liondolewe, hata kama limeandikwa na mchungaji mwenyewe. Hapo ndipo wazee watakapopinga, na hapo ndipo nakusihi usilegee, kwa sababu mtego ulipita kwenye desturi hiyo hasa. Mkiiacha, mwigizaji hana cha kuigiza.

Je, ni mateso? Dhihaka juu ya Wakristo ni ya zamani kama kanisa. Mwaka 1857, kwenye kilima cha Palatino mjini Roma, ulipatikana mchoro uliokwaruzwa ukutani ambao wataalamu wengi huukadiria kuwa wa karibu mwaka 200: mtu ameinua mkono mbele ya msalaba, na aliye msalabani ana kichwa cha punda. Chini yake imeandikwa kwa Kigiriki kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Katika chumba kingine cha jengo hilo yalipatikana maneno ya Kilatini, "Alexamenos mwaminifu". Wengine huyaona kuwa ni jibu. Huyo alichekwa kwa sababu ya Msalaba. Nyinyi mmechekwa kwa sababu ya chaji ya simu. Naomba wazee wasiyaweke mambo hayo mizani moja. Wapo ndugu zetu duniani wanaofungwa na kuuawa kwa imani yao, na neno "mateso" ni lao.

Kuhusu sheria: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kanuni ya Adhabu inagusa kuvuruga mkusanyiko wa ibada. Picha za uchi kurushwa katikati ya sala ni jambo la kuripoti. Andikeni tarehe na saa, majina yaliyoonekana, mlichokiona, na hifadhini kumbukumbu za mkutano. Mkiona picha za watoto zikitumiwa vibaya, msizihifadhi wala kuzituma kwa mtu yeyote hata kama ushahidi. Elezeni kwa maneno, polisi watawaongoza. Lakini nabii wa chaji msimpeleke. Kanuni ya Adhabu inataja pia kukashifu dini, na najua yuko mzee atakayetaka kuitumia. Kijana akikamatwa kwa kuchekesha, kesho yake hamtachekwa tena na mji mmoja, mtachekwa na nchi, na yeye na rika lake hawatarudi kanisani.

Kama kweli ni wa kwaya, msimtaje popote kwa minong'ono. Mchungaji amwite peke yake, bila wazazi na bila kamati, amwulize jambo moja: ulikuwa unatuambia nini? Huenda anakereka na manabii wa mtandaoni kama mimi ninavyokereka. Eliya aliwadhihaki manabii wa Baali mlimani Karmeli, akiwaambia wapige kelele zaidi, labda mungu wao amelala au yuko safarini. Mwaka 2005 wale Ship of Fools walipigisha kura juu ya mzaha bora wa dini, kukashinda wa mchekeshaji Emo Philips: mtu anamzuia mwingine asijirushe darajani, wanagundua ni wa dhehebu moja, tawi moja, jimbo moja, mpaka wanapofika kwenye mwaka wa mkutano mkuu wanaoufuata, wakatofautiana; hapo anamwita mzushi na kumsukuma mtoni. Waliocheka na kuupigia kura walikuwamo Wakristo wengi, maana waliyajua makanisa yao. Kejeli ya namna hiyo ina nafasi ndani ya nyumba ya Mungu. Kosa la kijana wenu ni kupeleka picha zenye majina ya wazee nje ya kundi, na hilo aliombe radhi kwa wazee hao mmoja mmoja, ana kwa ana, si kwa tangazo. Baada ya hapo, mkipenda ushauri wangu, mpeni yeye kazi ya mlango wa Zoom. Hakuna atakayemtambua mwigizaji haraka kuliko yeye.

Kwenye kundi andikeni maneno machache tu, yasiyo na laana wala vitisho. Kwa mfano: "Ndugu wapendwa, ushuhuda wa tarehe fulani ulikuwa wa kubuniwa, tumeuondoa. Tunawaomba radhi akina mama kwa yaliyotokea katika mkesha. Suala hilo limefikishwa polisi. Kuanzia sasa kila ushuhuda utathibitishwa kwanza, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuomba fedha humu. Mkesha wa Ijumaa upo, saa tatu usiku. Kiungo mtatumiwa saa mbili."

Halafu Ijumaa ikifika, fanyeni mkesha.